Kakakuona wa Kilima cha Kokoto

Kwetu, ukiiacha barabara kuu pale Kisesa na kushuka kuelekea ziwani, watoto humjua kakakuona kabla ya kumjua simba. Simba ni wa kwenye noti. Kakakuona ni wa bibi. Bibi yangu alimwona mara moja tu, akiwa msichana, na mwaka huo, alisema, mpunga ulimfikia mtu kifuani na mbuzi wakazaa pacha. Alipotusimulia aliuviringa mwili wake mwembamba juu ya ngozi ya ng'ombe, kichwa ndani, magoti kidevuni, na sisi tukampapasa mgongo tukitafuta magamba.

Mama yangu hakuwahi kumwona. Baba yangu mkubwa, aliyechunga kwenye vilima vile tangu ajue kutembea, hakuwahi kumwona. Mimi nilimwona kwenye televisheni, katika chumba nilichopanga Pasiansi, mjini, kwenye taarifa ya watu waliokamatwa na magunia. Ndani ya magunia mlikuwa na magamba tu, makavu, yakimwagwa sakafuni kwa sauti ya vigae. Nilimtafuta mnyama mwenyewe katika picha ile, sikumpata.

Jumamosi ile mama alinipigia simu asubuhi. Vuli ilikuwa imechelewa sana, na kwa majuma kadhaa simu zake zote zilikuwa za mbegu zilizokauka ardhini, kwa hiyo nilijiandaa kusikia habari hizo hizo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Acha unachofanya uje. Baba yako mkubwa amempata kakakuona."

"Amempata nani?"

"Panda gari uje. Na humo garini usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu, lakini nilipofika uwanja ulikuwa umejaa. Mama anaishi kaya moja na baba mkubwa tangu baba yangu alipofariki, na kaya yao imeegemea kilima cha mawe, mawe yaliyopandana utadhani mtu alianza kuyapanga akachoka. Zamani kati ya mawe yale kulikuwa na miti na giza. Miti ikawa mkaa. Kisha ujenzi ukatufuata kutoka mjini, na kila anayejenga akataka kokoto, na kokoto hupatikana kwa kuchoma matairi juu ya jiwe mpaka lipasuke, ndipo wanawake wakae na nyundo waligonge vipande vipande. Kila ninapokwenda nyumbani nakikuta kilima kimepungua, kama mtu mgonjwa unayemtembelea mara moja moja.

Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la ndama, fimbo mkononi, amevaa lile koti lake la misiba na harusi. Nilimwamkia. Alinishika mkono asiuachie.

"Nilimkuta kwenye tuta la jaruba la mpunga," alisema. "Anashuka kutoka huko juu, anaukimbia moshi. Nilidhani jiwe limeporomoka. Halafu ng'ombe wakasimama. Ng'ombe hawasimami kwa ajili ya jiwe."

"Umempigia mtu simu?"

"Mtendaji wa kijiji. Naye amewapigia watu wa wanyamapori, wanakuja mchana. Amesema akae kivulini, asisumbuliwe, wamkute hai." Akashusha sauti. "Akifa hapa kwangu, au akipungukiwa na kitu, wa kujibu ni mimi. Unamkumbuka yule wa ng'ambo ya mto aliyekutwa na magamba kwenye mkebe wa tumbaku?"

Nilimkumbuka. Hajarudi mpaka leo.

"Sasa hawa watu wote?"

"Ningewafungia mlango? Kakakuona si wangu peke yangu." Aliutazama umati, na nikaona kwamba pamoja na hofu ile alikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyetembelewa na mkubwa. "Wazee wamesema aulizwe mara moja tu, haraka, kisha arudishwe kivulini."

Kuuliza kwenyewe ni hivi. Wanatandika kaniki, lile shuka jeusi, katikati ya uwanja. Kuzunguka kaniki wanapanga vitu: bakuli la maji, ungo wa mtama, jembe, mkuki, fungu la pamba. Kakakuona anawekwa katikati, na watu wote wananyamaza. Akielekea kwenye mkuki, ni ugomvi. Akielekea kwenye jembe, ni kazi bila mavuno. Kila mtu pale alijua aelekee wapi, na kila mtu aliogopa kumtazama asije akampotosha njia kwa macho.

Mimi nilimtazama. Alikuwa mpira wa rangi ya udongo uliolowa. Muda ulipita, mtoto akapiga chafya, akanyamazishwa. Kisha ule mpira ukafunguka upande mmoja, ikatoka pua ndefu, nyembamba, na jicho dogo lenye unyevu. Akainuka. Sikuwa nimejua kwamba anatembea kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele ameikunja kifuani kama bibi kizee anayeingia kanisani amechelewa, hataki kumsumbua mtu. Magamba yake yalipandana moja juu ya jingine bila kosa. Alitembea hivyo mpaka kwenye bakuli la maji, akalinusa, akasimama.

Vigelegele vilipasuka. Mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, alianguka chini akalia. Jirani mmoja mwenye trekta la kukodisha akasema, "Mzee, kabla hujamkabidhi kwa serikali, mlete kwangu apige kona moja tu shambani," na hata wazee wakacheka. Mimi pia nilikuwa na machozi. Nilimkumbuka bibi kwenye ngozi yake, na nikaona kuwa kila alichotuambia kilikuwa kweli, mpaka ile pua.

Baba mkubwa akamrudisha bandani. Akamfunika kaniki lile lile ili mwanga usimuumize, akakaa mlangoni. Hapo ndipo walipoanza kumwomba. Kumgusa tu, kwa mkono chini ya shuka, mtu aseme haja yake atoke. Baba mkubwa alitazama barabara, gari halijaja. Akakubali. Wakapanga mstari kwa adabu kabisa, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na yeye akasimama na fimbo yake kuzuia msukumano, akilipa banda mgongo.

Nilikwenda jikoni kusaidia kugawa uji. Kutoka kule niliona watu wakiingia na kutoka. Mwalimu aliyenifundisha kusoma. Mama anayeongoza maombi mtaani kwetu. Muuza dawa za pamba. Wapiga kokoto, mikono yao myeupe kwa vumbi. Walitoka taratibu, macho chini, mkono mmoja umefumbatwa kifuani, na nilidhani ni heshima.

Mstari ulipokwisha, nikaingia na mimi. Sikuwa na ombi lililopangwa. Nilitaka tu kumgusa. Nikapiga magoti, nikapitisha mkono chini ya kaniki, nikitegemea kitu kikavu na kigumu kama ukucha. Nikagusa kitu laini. Kilikuwa na joto, na kimelowa. Nilidhani ni maji ya lile bakuli. Nilipoutoa mkono mlangoni kwenye mwanga, ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo.

Nililifunua shuka.

Nimewahi kuona paa la shule baada ya upepo mkali wa ziwani, hapa kuna bati, pale hakuna, na mbao zimebaki wazi. Mgongo wake ulikuwa hivyo. Palipokuwa na gamba palikuwa na shimo la nyama ya waridi, jembamba, na kila shimo lilikuwa na tone lake. Alikuwa bado amejiviringa. Alikuwa amejikaza jinsi alivyofundishwa na mama yake kujikaza mbele ya simba, na mkao ule ule uliomlinda na simba ndio uliowapa watu mgongo mzima wa kuchuma. Wala hakuwa na sauti. Mbuzi angelia, kuku angelia, baba mkubwa angegeuka.

Baba mkubwa aligeuka sasa. Alimtazama kakakuona, akautazama mkono wangu, na koti lake lilionekana ghafla kubwa mno kwake.

"Nani?" aliuliza. Aliuliza polepole, karibu kwa upole.

Watu waliokuwa wakicheka walianza kutafuta watoto wao ili waondoke.

Mama alinivuta nyuma ya ghala. Alifungua pindo la khanga, mahali anapofunga nauli, akanionyesha. Lilikuwa gamba dogo, lenye mistari myembamba kama ya kucha za miguu za mzee, na upande mmoja lilikuwa na kijinyama.

"Moja tu," alisema. "Wala si langu. Ni lako."

"Langu?"

"Kila siku unaniambia maombi yako ya kazi yanarudishwa. Nikasema leo na mwanangu afunguliwe njia. Ulishone kwenye mto. Hakuna atakayejua."

"Mama, anatokwa na damu."

"Ni kama ukucha tu, mwanangu. Ukucha unaota."

"Wewe ulishawahi kung'olewa ukucha?"

Alilitazama lile gamba. Nilimwona akikitazama kile kijinyama, kwa mara ya kwanza nadhani. Mama yangu hawezi kuchinja kuku. Huwa anamwita jirani.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," alisema.

Nilijua kila mtu katika mstari ule angeniambia hivyo hivyo. Wote walichukua moja tu. Wote walimpenda. Hapakuwa na jangili hata mmoja pale uwanjani.

Gari la watu wa wanyamapori lilifika jua likiwa limeanza kulala upande wa ziwa. Alishuka dada mmoja, rika langu, mwenye sare, na dereva wake. Yule dada alipiga magoti bandani akakaa pale kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Alipotoka hakufoka.

"Mzee, magamba yako wapi?"

Baba mkubwa alifungua mikono yake yote miwili ili aone. Mama ndiye aliyekwenda. Alikwenda mbele ya watu wachache waliobaki, akaliweka gamba lake kwenye kiganja cha yule dada, akasema, "Langu ni hilo."

"Na mengine?"

Mwalimu wangu alikuwa pale. Alikuwa akitazama mawe ya kilimani kama mtu anayeyahesabu. Hakuna mwingine aliyesogea.

"Mzee," yule dada alisema, "ulipiga simu mwenyewe, na hilo nitalisema popote. Lakini mnyama ninayemchukua siye yule uliyetoa habari zake. Jumatatu uje ofisini na magamba yote yaliyotoka. Usipokuja nayo, suala hili litatoka mikononi mwangu, na huko liendako hawatakujua wewe ni nani."

"Atapona?" baba mkubwa aliuliza.

"Jumatatu, mzee."

Simu ilikuja Jumapili asubuhi, tukijiandaa kwenda ibadani. Kakakuona alikuwa amefia njiani, kabla hawajafika mjini. Baba mkubwa aliisikiliza simu mpaka mwisho, akashukuru, akavua lile koti akalitundika.

"Hatuendi kanisani," aliniambia. "Tunakwenda kuomba magamba."

Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Yalikuwa yamekwisha kwenda, nusu siku tu, kama unga kwenye upepo. Mke wa mwalimu alitupokea vizuri, akatuletea viti, akasema la mumewe limesagwa na ng'ombe mgonjwa ameshalinywa. Muuza dawa za pamba alisema jana jioni alikuja mtu wa pikipiki, sijui nani alimpa habari, akalinunua halijakauka. Mwingine alilichoma ndani ya nyumba ili moshi wake umpite mtoto. Bibi mmoja, rafiki wa bibi yangu, alitutolea lake bila kubishana, limefungwa kwenye kitambaa. Lilikuwa pana, jeupe, linapitisha mwanga.

"Bibi," nilisema, "hili ni la samaki, la sangara."

"Umejuaje?"

"Nimekula sangara."

"Huko mjini watajua?"

"Watajua, bibi."

"Basi wamesoma," alisema, na baba mkubwa, kwa mara ya kwanza tangu jana, alikaribia kucheka. Hakucheka. Bibi yule aliongeza kwamba lake la kweli amelituma kwa mjukuu wake, kwa basi la asubuhi.

Lakini nyumba nyingi tulikuta wanawake na watoto tu. Wanaume wako wapi? Kilimani. Wote? Wote, tangu alfajiri. Wamekwenda na majembe.

Tulisikia kabla ya kuona. Si ile sauti ya nyundo za kokoto, maana Jumapili hawagongi. Ilikuwa sauti ya watu wengi wakilima. Tulipopanda juu ya mwamba wa kwanza, moshi ulitupiga usoni, na ulipopita nikaona mteremko mzima wa nyuma, ule uliokuwa umebaki na vichaka, umegeuzwa. Kila shimo lilikuwa limechimbuliwa. Vichuguu vya mchwa vilikuwa vimebomolewa mpaka chini. Vichaka vimefyekwa na kurundikwa kwenye midomo ya mapango, vikichomwa, na wanaume wamesimama kwenye matundu ya upande wa pili na magunia wazi, wakisubiri kitakachotoka. Nilidhani wameingiwa na tamaa, wanataka wa pili wamchume.

Yule jirani wa trekta alituona kwanza. Alikuja mbio, uso umejaa masizi na jasho, anatabasamu.

"Mzee, ungekaa nyumbani upumzike. Hili tumelichukua sisi."

"Lipi?" baba mkubwa aliuliza.

"Tumekubaliana jana usiku. Huwezi kufungwa kwa ajili yetu. Tutampata mwingine, mzima, hajaguswa, kesho unampeleka, unawaambia huyu hapa. Mnyama kwa mnyama. Watasema nini?"

Alituongoza kwenye jiwe bapa. Juu ya jiwe walikuwa wamepanga walichokipata. Pimbi kadhaa, wengine na watoto wao. Kenge. Nungunungu aliyekufa kwa moshi, miiba imesimama bado. Muhanga, masikio yake marefu yamejaa udongo, kichwa kimepasuliwa kwa jembe.

"Huyu tulimpiga kwa bahati mbaya," alisema jirani. "Gizani mle shimoni alionekana kama ndiye. Anakula mchwa vilevile. Sasa tulikuwa tunajadiliana, hawawezi kumpokea huyu?"

Hakuwa anatania. Nyuma yake wanaume walikuwa wameacha kulima, wanamtazama baba mkubwa kwa macho ya watu walioleta zawadi. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu wangu, miguu peku, suruali imekunjwa, viganja vimetoka malengelenge. Walikuwa hawajala tangu alfajiri. Nilitaka kuwachukia, na nilishindwa, na sijui mpaka leo kipi kati ya hivyo viwili kilinitisha zaidi.

Baba mkubwa alimgusa muhanga sikioni, akakung'uta udongo kidogo.

"Mimi sikutaka mwingine," alisema. "Nilitaka mlichochukua."

"Hakipo, mzee," mwalimu alisema. "Ndiyo maana tunachimba."

"Acheni kuchimba."

"Na kesho utakwenda na nini?"

Baba mkubwa alilichukua jembe kutoka mkononi mwa mtu aliyekuwa karibu, akaenda kwenye shimo la kwanza, akaanza kurudisha udongo. Ana zaidi ya miaka sabini. Walimtazama, hawakuelewa, wakadhani ni hasira. Kisha mmoja akaja kumpokea jembe, maana si adabu mzee alime vijana wamesimama, na hivyo ndivyo walivyoanza kufukia, kwa aibu ya kumwona mzee akifanya kazi. Jua lilipotua walikuwa hawajafika hata nusu ya mteremko.

Jumatatu nilimsindikiza. Alivaa lile koti. Ofisini yule dada alimpa kiti, akauliza amekuja na magamba mangapi, na baba mkubwa akamwambia hakuna, yote yameliwa na kuchomwa na kuuzwa. Hakumtaja mtu. Dada aliandika. Aliandika polepole, nadhani akimpa nafasi ya kuongeza neno la kujitetea. Aliposhindwa kusubiri, alimsaidia.

"Mzee, pale kilimani unadhani kuna mwingine? Maana wakati mwingine huwa na mwenzake. Ukituonyesha mahali, tukamlinda, hilo lingekusaidia sana."

Baba mkubwa alivua kofia akaiweka magotini.

"Hadi Jumamosi labda alikuwepo," alisema. "Jana tulichimba kilima chote. Andika tulichimba. Na mimi uniandike humo."